Nanenane Nyumbani Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Lindi na Mtwara

Julai ikielekea ukingoni, maswali haya huanza kuzagaa: sokoni, kwenye bajaji, kwenye vikao vya vikoba. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa majirani na ndugu. Naipenda sikukuu hii na ningetamani kila nyumba ya Kusini iwe na namna yake ya kuifurahia, hata kama hakuna atakayepanda basi kwenda viwanjani.

Nanenane ni sikukuu ya nini?

Ni Sikukuu ya Wakulima. Huadhimishwa tarehe 8 Agosti, yaani siku ya nane ya mwezi wa nane, na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Haingoji mwandamo wala haihamihami, kwa hiyo unaweza kuipangia mapema. Wafugaji na wavuvi nao wamo, ndiyo maana kwenye maonesho utakuta ng'ombe upande mmoja na samaki upande mwingine.

Mbona babu anasema sikukuu ya wakulima ni Sabasaba?

Babu hajakosea. Kwa miaka mingi Sabasaba ndiyo iliyokuwa siku ya wakulima. Tarehe 7 Julai ni siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na baada ya uhuru ikawa sikukuu ya wakulima. Katika miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporudi, Sabasaba ilibaki na biashara na maonesho yake ya Dar es Salaam, wakulima wakapewa Nanenane. Mwombe babu akusimulie Sabasaba za zamani zilivyokuwa. Hayo mazungumzo peke yake ni nusu ya sikukuu.

Mimi nauza vocha mjini Mtwara, shamba sina. Inanihusu?

Unakula? Basi inakuhusu. Na zaidi ya kula, hapa kwetu fedha ya mjini inatoka shamba. Ufuta ukishauzwa mnadani, fundi cherehani anapata kazi na muuza vocha anapata wateja. Korosho zikianza kuuzwa ndiyo usiseme, mabati yanapanda juu ya nyumba. Siku moja kwa mwaka ya kumpa mkono mwenye jembe si nyingi.

Maonesho ya kwetu yako wapi?

Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara ni Viwanja vya Ngongo, Manispaa ya Lindi. Mwaka 2015 hata sherehe za kitaifa zilifanyika hapo.

Anayetoka Mtwara mjini atapita Mikindani na Mnazi Mmoja ndipo aingie Lindi. Ni safari ya kilomita zaidi ya mia moja kidogo, kwa hiyo kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana mkiamka mapema. Wa Masasi watapita Ndanda, Nanganga na Mtama. Wa Newala na Tandahimba wana safari ndefu, na ushauri wangu kwao ni kulala kwa ndugu Lindi badala ya kurudi usiku na watoto waliosinzia.

Niende siku gani?

Maonesho kwa kawaida huanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8. Watu wengi wanasubiri kilele, na kwa shamrashamra wako sawa: hotuba, ngoma, zawadi kwa wakulima na wafugaji bora, umati. Ila ukiwa na watoto, au ukiwa na swali unalotaka kumuuliza mtaalamu kwa nafasi, nenda siku mbili tatu kabla. Tarehe 8 mtaalamu anapanga vitu vyake kwa ajili ya mgeni rasmi na wewe unasukumwa na watu nyuma. Tarehe 4 au 5 atakuvutia kiti.

Usiondoke bila kuona vipando. Hiyo ni mimea halisi iliyooteshwa uwanjani kwa ajili ya maonesho. Agosti kwetu ni kiangazi kikavu, mvua zimeshakatika tangu Aprili au Mei, nyasi za njiani zote zimegeuka rangi ya mkeka. Halafu unafika Ngongo unakuta tuta la mchicha, mahindi yaliyobeba na nyanya zimening'inia, kwa sababu kuna watu walizimwagilia miezi kadhaa. Simama hapo. Uliza maji walipata wapi na walimwagilia mara ngapi. Kwangu mimi hicho ndicho kitovu cha maonesho, kuliko mabanda ya kugawa kalamu na kofia.

Watoto watachoka. Nitawafanyia nini?

Wape kazi ya kutafuta. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kilicho Mtwara, kimetoa mbegu nyingi ambazo zina majina ya kwetu. Kuna karanga zinazoitwa Mangaka, Masasi, Nachingwea, Naliendele na Mnanje, zote zilitolewa mwaka 2009. Kuna ufuta unaoitwa Lindi 2002 na mwingine Mtwara 2009. Waambie watoto: anayeona kwanza mbegu yenye jina la kwa bibi yake anapata soda. Utashangaa wanavyosoma vibao kwa bidii. Na mtoto wa Nachingwea akishaona kwamba karanga imepewa jina la kwao, anatembea kifua mbele mpaka jioni.

Baada ya hapo wapeleke kwenye mifugo. Mtoto wa pwani aliyezoea mbuzi wa jirani anaweza kukaa nusu saa akimwangalia ng'ombe wa maziwa.

Kofia, maji ya kunywa na viatu vya kufunika vidole ni lazima. Upepo wa kusi unavuma na vumbi la viwanjani linaingia kila mahali, kwa hiyo mwenye pumu abebe dawa yake.

Hatuwezi kwenda Ngongo mwaka huu. Tusherehekeeje nyumbani?

Hili ndilo swali ninalolisubiri kila mwaka.

Fanyeni mlo wa Kusini. Sharti lake ni moja: kila kitakachokaa mezani siku hiyo kiwe kimetoka Lindi au Mtwara. Kwenye shamba, msitu au bahari ya hapa. Inaonekana rahisi mpaka uingie jikoni asubuhi na kukumbuka kwamba majani ya chai hayalimwi kwetu, na sukari nayo inatoka mbali. Hapo ndipo raha inapoanza, kwa sababu nyumba nzima inalazimika kufikiri.

Asubuhi chemsheni mchaichai wa uani, mtie asali. Asali nzuri inatoka misitu ya Liwale na mara nyingi inapatikana sokoni Lindi. Vitafunwa ni muhogo wa kuchemsha au njugumawe za kuchemshwa na chumvi. Chumvi isikutie wasiwasi, mashamba ya chumvi yako pwani yetu yote kuanzia Kilwa hadi Mtwara. Ukibahatika kupata ming'oko, vile viazi vya porini, chemsha, weka pilipili ya kusaga na chumvi pembeni, na ukae karibu na sufuria maana haitachelewa kwisha.

Mchana kuna mbaazi za nazi. Mbaazi zinavunwa wakati huohuo wa Agosti, kwa hiyo mnakula mpya. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kutiwa karanga. Samaki wa Mikindani au wa Lindi, wa kukaanga kwa mafuta ya ufuta au wa kupaka nazi. Anayetaka wali aulize mchele wa Kitere, unaolimwa kwenye skimu ya umwagiliaji huko Mtwara Vijijini. Na ugali wa muhogo upewe heshima yake, usiachwe kwa ajili ya wali kwa kuwa ni sikukuu.

Sokoni kila mtu aulize muuzaji swali moja: "Hiki kimetoka wapi?" Muuzaji mmoja atasema Mtama, mwingine Nanyamba, mwingine atacheka na kukuambia kitunguu chake kimetoka mbali sana. Mkila, kila aliyenunua kitu anaeleza kimetoka kijiji gani. Ni mila ndogo, haina gharama, na watoto wanaikumbuka kuliko hotuba.

Kitunguu hakipatikani cha hapa. Mlo umeharibika?

Hapana. Tafuta bustani za mabondeni, mara nyingi vipo. Vikikosekana, pika bila kitunguu, au ruhusuni kitu kimoja cha mgeni mezani. Sisi mgeni wetu ni chai ya rangi ya jioni kwa ajili ya wazee.

Kashata za ufuta zinatengenezwaje bila sukari?

Kwa asali, na zinakuwa nzuri zaidi.

Anza na kuosha ufuta. Usiruke hatua hii hata kama muuzaji amekuapia kwamba umepepetwa. Ufuta mwingi unakaushwa karibu na ardhi na mchanga unabaki. Mimina kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, acha kidogo: mchanga unazama, ufuta unabaki juu. Kusanya wa juu kwa chujio, rudia mpaka chini ya beseni pabaki safi. Uanike ukauke.

Kisha ukaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kupumzika. Utasikia unaanza kudatadata na harufu itabadilika. Ukionja ukavunjika kwa wepesi chini ya jino, epua mara moja, kwa sababu kutoka hapo mpaka kuungua ni muda mfupi sana na ufuta ulioungua ni mchungu.

Chemsha asali peke yake kwenye sufuria ndogo mpaka itoe mapovu na kuwa nzito. Dondosha tone kwenye maji baridi: likiganda na kuwa gumu kidogo, iko tayari. Mimina ufuta, changanya haraka, mwaga juu ya sinia lililopakwa mafuta, tandaza kwa mgongo wa kijiko na ukate vipande ikiwa bado ina joto. Kwa vikombe viwili vya ufuta, kikombe kimoja cha asali kasoro kidogo kinatosha.

Watoto wakae mbali wakati wa kumimina. Asali ya moto inanata kwenye ngozi.

Je, tunaweza kuchoma korosho wenyewe na watoto?

Na watoto, hapana. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Kazi hiyo ina wenyewe, wanawake wanaobangua kwa ustadi mkubwa na kupaka mikono majivu au mafuta kujikinga. Nunua kwao zilizobanguliwa tayari, na siku hiyo usiombe sana kupunguziwa.

Na mabibo?

Subiri. Mabibo yanakuja na msimu wa korosho, kuanzia mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Agosti mikorosho iko kwenye maua. Atakayekuuzia juisi ya mabibo Nanenane, muulize ametoa wapi.

Jioni tucheze nini?

Vitendawili, kwanza. Mmoja anasema "Kitendawili!", wote wanajibu "Tega!" Vya shambani vipo tele. "Kuku wangu katagia miibani" kila mtu anakijua, jibu ni nanasi. Lakini vitamu zaidi ni vile watoto watakavyotunga wenyewe kuhusu mazao ya kwao. Mfano wa korosho: "Mtoto wangu anakua nje ya tumbo la mama yake." Kokwa ya korosho inaning'inia nje, chini ya bibo, badala ya kujificha ndani kama kokwa ya embe. Wakishindwa, wanatoa mji. Kwetu sheria ni kwamba mji utakaotolewa uwe wa Kusini, na mtega akiupokea aseme kitu kimoja kinacholimwa huko. "Nakupa Ruangwa!" "Nimeenda Ruangwa, nikala ufuta, nikarudi..." Ndipo atoe jibu. Hivyo hata anayeshindwa anachangia.

Wazee wakae kwenye bao. Mshindi anapewa korosho, aliyeshindwa anatengeneza kahawa (huyo ndiye mgeni wa pili mezani, najua).

Mkiwa na majirani wanaocheza sindimba, waalikeni. Sindimba haihitaji jukwaa, inahitaji ngoma na uwanja uliofagiliwa. Redio iko mwaka mzima, siku moja inaweza kupumzika.

Mtaa wetu una msiba. Tufanyeje?

Mle kimyakimya, mpeleke sehemu ya chakula msibani, ngoma isubiri. Hakuna atakayeuliza kwa nini.

Tunataka kumtembelea mjomba shambani siku hiyo. Tumpelekee nini, na tufike saa ngapi?

Msifike alfajiri. Agosti ni wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe na kuyafanya yanyauke bila kufunga korosho. Salfa inapulizwa asubuhi na mapema, wakati umande upo na upepo umetulia, ili unga ushike. Ubwiriunga haujui kama ni sikukuu. Mjomba anaweza kuwa kazini saa kumi na moja, na hamtaki watoto kwenye ule unga. Fikeni saa nne, ameshaoga na amekaa kivulini.

Zawadi: sabuni, sukari, majani ya chai, tochi, jozi ya glavu nzuri, barakoa za kuzuia vumbi. Mwenye uwezo anunue panga jipya. Ninachopenda kuliko vyote ni picha iliyosafishwa kwenye karatasi, mjomba amesimama mbele ya mikorosho yake. Simu zetu zimejaa picha za harusi, ya mkulima shambani kwake huikuti.

Na mkifika, kabla ya kula, zungukeni shamba naye. Shikamoo ikishaitikiwa, mwambie tu: "Mjomba, tuonyeshe." Halafu kaeni kimya mmsikilize. Atawaonyesha mti aliopanda baba yake, mti uliompa magunia mengi mwaka fulani, mti anaofikiria kuukata kwa kuwa umezeeka. Watu hawa wamekaa na miti yao miaka thelathini, arobaini, na ni mara chache anakuja mtu kutaka kusikia.

Tupande mti siku ya Nanenane?

Natamani niseme ndiyo, lakini kwa mvua zetu si wakati wake. Mche utakaopandwa Agosti bila mtu wa kuumwagilia utakufa kabla ya Novemba, na mtoto atabaki na huzuni. Fanyeni mambo mawili badala yake.

Kama mna eneo, pimeni na kuchimba mashimo ya mikorosho yatakayopandwa mvua zikishika. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, ambayo inatoa karibu miti 28 kwa ekari. Wengi wakiona mapengo hayo wanadhani ardhi inapotea na kubana miti, halafu matawi yanagusana, mwanga hauingii, magonjwa yanashamiri. Katikati ya miti hiyo, miaka ya mwanzo, panda karanga au kunde. Udongo wa juu uwekeni upande wake wakati wa kuchimba, ndio utakaorudi kwanza shimoni.

Kama hamna eneo, kila mtoto apewe kopo lililotobolewa chini, udongo na samadi kidogo, apande mchicha. Wiki tatu au nne baadaye anakula alichopanda.

Sina hela kabisa mwaka huu.

Muhogo wa kuchemsha, chumvi na vitendawili. Sikukuu imekamilika.

Watu wanasalimianaje?

"Nanenane njema." Ukimkuta mkulima mtu mzima, anza na shikamoo kama siku zote, halafu mwulize habari za shamba na usubiri jibu lote.

Nimenunua mbegu Ngongo. Mvua ni Novemba au Desemba. Nizitunzeje?

Kwanza, kabla hujalipa, tazama kama pakiti ina lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyofunguliwa na kufungwa tena iache hapohapo.

Ukifika nyumbani, usiziweke darini juu ya jiko wala kwenye chumba chenye bati lisilo na dari, maana joto linaua uotaji. Ziweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, mahali pa kivuli, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na panya. Mbegu zilizotiwa dawa zina rangi, mara nyingi nyekundu au kijani. Hizo zikae mbali na watoto na kuku, na zisiliwe hata njaa ikiwa kali. Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu kisicholowa chapachapa, uziangalie baada ya siku tano au sita. Zikiota nane au zaidi, panda kwa nafasi ya kawaida. Zikiota tano, tia mbegu mbili kila shimo. Chini ya hapo nunua nyingine mapema, kabla ya mvua, maana mvua zikishaanza kila mtu anatafuta mbegu dukani.